Vipepeo Wanavukaje Mashamba ya Chai?



Karibu kila kikundi tulichotembelea mwaka huu, kuanzia upande wa Kericho mpaka Bomet, kimetuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Kile kichaka kilichobaki kando ya mto, tukifyeke tuongeze chai, au tukiache? Kuna wanaosema afadhali tupande mikaratusi, ile blugamu, tuuzie kiwanda kuni. Kuna wazee wanaotikisa kichwa tu na kusema mtoni hapaguswi. Tumewasikiliza wote, na katika toleo hili tumeonelea tujibu kwa njia ambayo labda hamkuitarajia. Tutaangalia vipepeo.

Mtasema, sasa hawa wa maendeleo wameishiwa na maneno, wanatuletea habari za vipepeo! Subirini kidogo. Viumbe wengi wa msituni hatuwaoni. Wengine wanatembea usiku, wengine hawashuki kutoka juu ya miti, na mbegu ikihama kutoka msitu mmoja kwenda mwingine haiachi nyayo. Lakini kipepeo anatembea mchana, tena jua likiwaka, na hata mtoto wa darasa la pili anaweza kumwonyesha kwa kidole. Ndiyo sababu wataalamu wanapotaka kujua kama vipande viwili vya msitu bado vinatembeleana, mara nyingi huanza na yeye.

Nguo iliyobaki viraka

Chai ilianza kupandwa kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo msitu wa Mau ulishuka mabondeni na kuchanganyika na malisho, na kipepeo angeweza kutoka kivuli hiki akaingia kile bila safari ya maana. Kisha yakaja mashamba makubwa ya makampuni, baadaye chai ya wakulima wadogo, mahindi na makao ya watu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mashamba ya Chai ya Nyayo kwenye ukingo wa misitu ili yawe kama ua wa kuzuia watu wasiingie. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 61,000 za Mau ziliondolewa katika hifadhi kwa tangazo la serikali. Mwaka 2009 kikosi maalumu kilitoa taarifa yake kuhusu Mau, na mwisho wa mwaka huo watu wakaanza kutolewa upande wa Kusini Magharibi. Hatuandiki haya kufungua vidonda. Kati yenu wako waliopata shamba kule, na wako waliolala nje na watoto. Tunataja tu kwa sababu ramani ya msitu wetu haiwezi kueleweka bila miaka hiyo.

Kilichobaki leo ni kama nguo iliyochanika. Kuna kipande kikubwa cha Mau upande wa mashariki. Kuna Chepalungu huko Bomet, ambao umepungua sana, na Tinderet upande wa kaskazini. Katikati ya hivyo kuna viraka vidogo vidogo: misitu ya mtoni ambayo makampuni ya chai yameiacha kati ya mashamba yao, kichaka nyuma ya shule, miti mitatu minne kwenye chemchemi, na ule mstari wa miti mnaoulizia ninyi, kando ya Kipsonoi, Itare, Kiptiget au Nyangores. Swali ni kama viraka hivi ni nguo moja bado, au kila kimoja kiko peke yake.

Meza isiyo na chakula

Ninyi wachumaji mnajua kwamba chai inayotunzwa vizuri inakatwa juu iwe sawa kama meza. Hebu sasa iangalie meza hiyo kwa jicho la kipepeo. Hakuna maua, kwa maana machipukizi yanachumwa mara kwa mara na kichaka hakipewi nafasi ya kuchanua. Hakuna kivuli. Hakuna jani ambalo kiwavi wa msituni anaweza kulila. Tuseme ukweli, chai yetu hapa Kenya kwa kawaida haipigwi dawa ya kuua wadudu, kwa hiyo kipepeo anayevuka hauawi na sumu. Shida yake ni njaa na upepo. Anaingia kwenye meza kubwa ya kijani ambayo haina hata tonge moja.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Kipepeo hana joto lake mwenyewe kama sisi. Asubuhi anakaa kwenye jani amefungua mbawa, anaota jua mpaka misuli yake ipate moto, ndipo aruke. Na hapa kwetu mnajua jinsi siku inavyokwenda: asubuhi baridi na umande, saa nne jua, saa nane mawingu yamekusanyika, saa tisa mvua. Kwa hiyo saa zake za kusafiri ni chache. Akikutwa katikati ya shamba la chai na mvua, hana pa kujificha isipokuwa chini ya kichaka cha chai, na kesho yake aanze tena akiwa hajala.

Mikaratusi je? Watu hudhani mti ni mti. Shamba la mikaratusi lina kivuli, hilo kweli, na nyuki wanapenda maua yake. Lakini viwavi wa vipepeo wetu wa msituni hawaishi kwa majani ya mkaratusi, na chini ya mikaratusi iliyobanana mimea mingine huwa michache. Kwa kipepeo ni afadhali kidogo kuliko mahali peupe, basi. Ni kama kulala stendi ya matatu. Unapata paa, lakini hupati chakula wala kitanda.

Wasafiri na wakaa nyumbani

Sasa, mtu mmoja katika mkutano alitupinga, na alikuwa na haki ya kupinga. Alisema: mbona shambani kwangu vipepeo wamejaa, weupe kwa manjano, na msitu uko mbali? Jibu ni kwamba vipepeo hawafanani. Kenya ina karibu aina 900, na kila aina ina tabia yake.

Wako wasafiri. Yule mweupe mwenye mishipa ya kahawia kwenye mbawa, ambaye miaka mingine hupita kwa maelfu yote yakielekea upande mmoja kana kwamba yameitwa, ni msafiri. Chai haimsumbui, anapita juu yake kama mtu anayepita barabarani. Mwingine ni yule mweupe wa kijani hafifu, ambaye jike lake mara nyingi ni la manjano. Huyo anataga mayai kwenye jamii ya senetwet, mti ule ule mnaochoma mkaa wake kwa kusafisha vibuyu vya mursik. Penye senetwet kwenye ua, naye yupo. Yuko pia kipepeo wa rangi ya chungwa na ncha nyeusi anayeitwa kwa jina la kitaalamu Vanessa cardui, ambaye watafiti wamethibitisha kwamba kizazi baada ya kizazi huvuka jangwa la Sahara kati ya Afrika na Ulaya. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba wengine wao walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi mpaka Amerika ya Kusini, zaidi ya kilomita 4,000. Kwa kiumbe wa namna hiyo, shamba la chai ni kitu gani?

Wako wengine wanaoweza kuishi na sisi kama tukiwaachia kitu kidogo. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anataga kwenye milimau na michungwa. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, ndiyo maana ndege hawamli. Akina mama wenye miche ya malimau wanamjua, na hawampendi! Yuko pia yule mnene mwenye mikia miwili, anayeruka kwa nguvu kama jiwe lililorushwa, ambaye hapendi maua bali matunda yaliyooza na utomvu wa miti. Kiwavi wake anakula majani ya tebeswet. Na kwa kuwa tebeswet bado imesimama katika mipaka ya mashamba mengi, huyu anaweza kuruka kutoka mti hadi mti mpaka afike ng'ambo.

Halafu wako wakaa nyumbani. Hawa ni wale wa kahawia wenye alama kama macho kwenye mbawa, wanaoruka chini chini kwenye kivuli, na wengi wengine ambao kiwavi wao anajua mmea mmoja au miwili tu ya msituni. Mkaa nyumbani akifika ukingo wa msitu, mahali kivuli kinapokatika ghafula, mara nyingi hageuki upande, anageuka nyuma. Si kwamba mbawa zake ni dhaifu mno. Jua kali na upepo vinamwambia hapa si kwenu. Ukiona vipepeo weupe elfu moja juu ya chai yako, hiyo haikuambii lolote kuhusu hawa.

Mvua ya mawe ikipiga

Labda mtasema, basi abaki huko huko kwake, nani kamwambia asafiri? Hapa ndipo penye kiini cha habari yote.

Nchi yetu ya chai inajulikana kwa mvua ya mawe. Mnajua inavyoweza kupiga upande huu wa kilima, upande wa pili usipate hata tone. Fikirini kichaka kimoja kidogo cha mtoni chenye vipepeo hamsini wa aina moja. Mvua ya mawe inapiga, majani yanachanika, viwavi wanaanguka. Au moto wa mchoma mkaa unaingia. Au kiangazi kinaunguza mmea wao. Vipepeo wanaisha. Kama kuna kichaka kingine jirani, na njia ya kupita, basi msimu unaofuata jike mmoja tu aliyekwisha kupandwa atafika na mayai yake, na mji unaanza upya. Jike mmoja anatosha kuanza. Lakini kama njia imekatwa, kichaka kinabaki kitupu. Miti ipo, kivuli kipo, mmea wa kutagia upo, ila mwenye nyumba hayupo. Miaka kumi baadaye kichaka cha jirani nacho kinapigwa, na safari hii hakuna wa kukisaidia.

Kwa hiyo kiraka cha msitu hakiishi kwa ukubwa wake tu. Kinaishi pia kwa kutembelewa. Ni sawa na ninyi katika kikundi chenu cha kuchangiana: mmoja akipata msiba leo, wenzake wanaweza kumwinua kwa sababu msiba haukuwapiga wote siku moja.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Huko Finland, kwenye visiwa vya Åland, mtaalamu Ilkka Hanski na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kukagua kila mwaka malisho madogo madogo yapatayo 4,000 ambamo kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa anaweza kuishi. Waliona kwamba kila mwaka yako malisho ambamo anakufa kabisa na mengine ambamo anazaliwa upya, na mengi huwa matupu. Anaendelea kuwapo nchini kwa sababu ya kuhamahama huko tu. Waliona na jambo lingine, lililotangazwa mwaka 1998: katika vikundi vidogo vilivyojitenga, ndugu huzaana na ndugu, mayai na viwavi hudhoofika, na kikundi huelekea kufa upesi zaidi. Sisi Wakipsigis na jamii nyingine tulijua zamani kwamba ukoo hauoi ndani ya ukoo, lakini kipepeo aliyefungiwa hana la kuchagua.

Jaribio la pili lilifanywa Marekani, katika jimbo la South Carolina, na mtaalamu Nick Haddad, naye akatoa matokeo mwaka 1999. Kule mambo yalikuwa kinyume cha hapa kwetu. Msitu wa misonobari ulikuwa kila upande, na vipepeo aliowafuata ni wa mahali pa wazi penye maua. Viwanja vya wazi vilikatwa ndani ya msitu, vingine vikaunganishwa kwa ujia wa mita 32 kwa upana, vingine vikaachwa peke yake. Vipepeo walitiwa alama kwenye mbawa na kuachiliwa. Walihama zaidi kati ya viwanja vilivyounganishwa. Tunapenda jaribio hili kwa sababu linaonyesha kwamba kila aina ina ukuta wake. Kwa wale, ukuta ulikuwa msitu. Kwa wakaa nyumbani wetu, ukuta ni chai.

Na hapa Kenya? Msitu wa Kakamega, ambao si mbali nasi, una zaidi ya aina 400 za vipepeo zilizoandikwa, karibu nusu ya vipepeo wote wa nchi hii. Hata huo una vipande vilivyotengana na msitu mama, kama Malava na Kisere. Mahali pa kutia hofu zaidi ni milima ya Taita. Kule kuna kipepeo wa msituni anayeitwa Cymothoe teita, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Nyumba yake ni vipande vya msitu vilivyobaki juu ya milima, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, na kati yao ni mashamba, nyumba za watu, misonobari na mikaratusi. Wataalamu wamependekeza sehemu za miti hiyo ya kigeni zirudishwe polepole kuwa miti ya kienyeji ili vipande vishikane. Sisi tunaona ni shauri jema, ingawa ni kazi ya miaka mingi kuliko ingetakiwa kama njia zisingekatwa.

Liko jambo moja ambalo linadanganya watu. Msitu ukikatwa ukabaki kiraka, vipepeo hawapotei siku hiyo hiyo. Wanaendelea kuonekana miaka kadhaa, na watu wanasema, si mnaona, tumefyeka na vipepeo bado wapo! Wapo, lakini wanapungua aina moja moja kila mara bahati mbaya inapopiga, na hakuna anayekuja kuziba pengo.

Njia ni mtoni

Sasa turudi kwenye kile kichaka chenu.

Katika nchi ya vilima kama yetu, msitu uliobaki umebaki mtoni, na mito yetu mingi inatoka Mau. Itare, Kiptiget na Kipsonoi zinashuka kwenda Sondu na Ziwa Victoria. Nyangores inakwenda kuungana na Amala kuwa Mara. Ukisimama juu ya kilima ukatazama chini, utaona mistari ya kijani cheusi ikipita ndani ya kijani cha chai. Hizo ndizo barabara. Mtoni kuna kivuli, kuna unyevu, upepo umepungua. Tena madume wa aina nyingi hushuka kwenye mchanga uliolowana kunyonya chumvichumvi. Mmewaona wakikusanyika pale ng'ombe wanaponywea maji, kumi au ishirini pamoja. Hawajalewa, wanatafuta chumvi.

Lakini barabara ya mtoni inapita mashamba ya watu wengi. Kampuni inaweza kuacha kilomita nzima ya msitu, na wakulima watano waliofuatana chini yake wakifyeka mpaka majini, mkaa nyumbani anaishia hapo. Pengo ndilo linaloamua. Ndiyo maana hatuoni faida kubwa ya mwanachama mmoja kuacha kichaka chake wakati majirani wake wote wamefyeka. Hili ni jambo la kikundi, mwenye shamba baada ya mwenye shamba, mpaka darajani.

Gharama ipo na hatutaificha. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 mpaka mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Tuchukue mkulima ambaye shamba lake linapakana na kijito kwa mita 50. Ukiacha mita 6, unaacha mita mraba 300. Ekari moja ina mita mraba 4,047, kwa hiyo ni pungufu ya sehemu moja ya kumi na tatu ya ekari. Kwa upandaji wa kawaida ni kama vichaka 320 vya chai. Mwenye ekari tano hataona pengo hilo. Mwenye nusu ekari na watoto watatu sekondari ataliona kila mwezi bayingi senta, na wakati wa bonasi ataliona tena. Vikundi vyenye busara vimezungumza habari hii waziwazi: je, mwenye shamba dogo tutamfidia kwa nyasi za kukata, kwa mizinga ya nyuki mtoni, kwa nafasi ya kwanza kwenye miche ya kitalu? Msipoizungumza, mtapitisha azimio zuri kwenye daftari na panga litaingia kichakani usiku.

Kama mikaratusi imekwisha kupandwa ukingoni, msiing'oe yote kwa pupa. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji iondolewe, na kelele zilikuwa nyingi kwa sababu ile ilikuwa ada ya shule ya watu. Vuneni mstari wa karibu na maji kwanza, msiache visiki vichipue, na mahali pake pandeni vya kwetu: lamaiywet inayopenda maji, seet, kuriot, silibwet, mianzi mahali penye mmomonyoko. Majani ya seet na kuriot ni chakula cha viwavi wa aina kadhaa, si kivuli peke yake. Mbali na mto, acheni tebeswet mipakani. Mti mmoja mmoja hausaidii mkaa nyumbani, lakini kwa wale wa kati ni kama mawe ya kukanyaga mtu anapovuka kijito. Na juu ya vilima, kama kuna kilele chenye kichaka, kiacheni. Madume wa aina fulani hupanda kileleni kungoja majike, kwa hiyo ukikisafisha umevunja soko lao la uchumba.

Swali la pesa tumelizoea, na si aibu kuuliza. Ndiyo, wako Wakenya wanaouza vipepeo. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo huko Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke pwani, ambapo wakulima hufuga viwavi na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Lakini biashara hiyo inataka kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), mafunzo, na usafiri wa haraka kwa maana pupa hasubiri. Msiiweke kwenye bajeti ya kikundi kwa sasa. Kwa habari ya uchavushaji wa mazao pia tusidanganyane: nyuki anawazidi vipepeo mbali sana. Anachowapa kipepeo ni habari, kujua kama njia iko wazi, njia ambayo wengine nao wanaitumia.

Namna ya kuhesabu

Kikundi kinaweza kuanza wiki hii, bila mfadhili. Chagueni njia moja ya mguu kando ya mto, ipite kwenye kichaka na kwenye pengo lililofyekwa. Watu wawili waitembee mara moja kwa wiki, kati ya saa nne na saa saba, siku yenye jua na isiyo na upepo mkali. Mtembee polepole bila kusimama. Mhesabu walio mbele yenu tu, kama hatua tatu kila upande. Waliopita nyuma msiwarudie. Wa kahawia wa chinichini muwaandike peke yao, wenye mikia peke yao, weupe na wa manjano peke yao. Majina ya kitaalamu hayahitajiki.

Kila kundi liandikwe mara mbili: wangapi kichakani, wangapi penye pengo. Wa kahawia wakiwa kichakani tu na pengoni hakuna hata mmoja kwa msimu mzima, mmeshajua ukuta uko wapi. Wanaotaka zaidi wanaweza kuweka ndizi iliyooza kwenye sahani, upande huu na upande ule wa pengo. Wale wanene wa tebeswet watakuja kula, na mtu mwenye mikono myepesi anaweza kumtia mmoja alama ndogo ya kalamu ya wino chini ya ubawa na kumwachilia. Kisha mngoje upande wa pili kwa siku kadhaa. Kazi hii vijana wanaipenda kuliko mnavyodhani.

Andikeni tarehe, hali ya jua, na kama wiki hiyo mvua ya mawe ilipiga. Daftari mlilete kwenye mkutano wa vikundi mwisho wa msimu wa mvua, tuyaweke yote mezani, la juu ya mto kwanza, halafu la chini yake, mpaka darajani.